Anwani Yenye Chapa ya Ng'ombe

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Karatu
Jina: Petronila Tluway Margwe
Umri: Miaka 52
Kabila: Mwiraqw
Dini: Mkristo
Kazi: Mwandishi wa habari na mhariri, Redio Nyanda, Karatu mjini
Makazi: Qurus
Tarehe na saa: 27 Februari 2025, saa 4:10 asubuhi
Mpokea maelezo: Sajenti Emilian

Leo asubuhi, kabla sijaketi, Sajenti Emilian ameniarifu kwamba Koinet Oloishiro, mhudumu wa mifugo wa kikundi cha wafugaji cha Olbalbal, amenyimwa dhamana na atakaa rumande mpaka Jumatatu tarehe 17 Machi. Anatuhumiwa kwamba alipokea barua pepe ya maabara iliyosema kuna ugonjwa wa kimeta Olbalbal, akainyamazia, na watu wakala nyama ya ng'ombe mgonjwa. Mtu mmoja amefariki. Nimekuja kwa hiari yangu kueleza kwamba barua ile haikumfikia, na namna nilivyolijua jambo hilo.

Mimi si fundi wa kompyuta. Nimefanya kazi ya habari kwa miaka ishirini na sita. Fundi wetu pale redioni anaitwa Clemensi Gwandu. Ninayoyaeleza kuhusu mashine niliyaona akiyafanya yeye, mimi nikiwa nimekaa pembeni yake.

Redio Nyanda ina seva yake ndogo ya barua pepe. Tumevipa anwani vikundi kadhaa vya wafugaji na wakulima bila malipo, kuanzia Baray mpaka Olbalbal, ili wapokee taarifa za magonjwa ya mifugo. Utaratibu ni huu: mhudumu wa mifugo anapeleka sampuli maabara, maabara inamjibu yeye kwa barua pepe, yeye anatuthibitishia, nasi tunatangaza. Hatutangazi kabla mhudumu hajathibitisha. Tuliweka kanuni hiyo baada ya uvumi mmoja wa ugonjwa kufunga mnada ambao haukupaswa kufungwa.

Mhudumu wa kwanza wa Olbalbal hakuwa Koinet. Alikuwa kijana mwingine, ambaye alifariki kwa ajali ya pikipiki mwaka 2023. Jina lake silitaji hapa kwa sababu familia yake imeniomba hivyo. Sajenti analo. Anwani ya kikundi ilikuwa imefunguliwa kwa jina lake. Baada ya msiba simu ya kikundi iliendelea kulia, na kila ilipolia jina lilitokea kwenye kioo na watoto walilisoma kwa sauti. Mama yake mzazi alikuwa anasikia. Kwa desturi ya pale, jina la kijana aliyekufa halitajwi mbele ya watu wake.

Mwezi Septemba 2023 nilikwenda Olbalbal na Clemensi kurekodi kipindi, na kikao cha kikundi kikafanyika tukiwepo. Mjane wa marehemu, Naishorua, ambaye ni katibu wa kikundi, alisema wanataka jina litolewe. Clemensi akauliza waweke jina la nani, la Koinet? Mama wa marehemu, aliyeitwa Koko, yaani bibi, na watu wote pale, alikataa. Alisema kwa Kimaa, Naishorua akatafsiri: "Na huyu naye akifa, mtaniletea jina lingine la kulia?" Watu walicheka, Koinet mwenyewe alicheka. Koko akachukua kijiti, akachora chini chapa wanayochomea ng'ombe wa ukoo wao: mstari wa mshazari, duara, mstari mwingine wa mshazari. Akasema hiyo hata asiyejua kusoma anaijua.

Clemensi alifurahi. Alisema kwenye kompyuta alama hizo zote zipo, na akaandika anwani mpya papo hapo: ile mistari tunayotenganishia siku na mwezi, miwili, na herufi o katikati yake. Kwa hiyo anwani ya Olbalbal ilikuwa /o/ kisha alama ya @ na jina la redio yetu. Aliijaribu kwa kutuma salamu kutoka kompyuta yake. Simu ikalia. Koko aliitazama chapa kwenye kioo na kusema inatosha. Anwani hiyo ilifunguliwa kwenye simu mbili, ya Koinet na ya Naishorua, na ndiyo iliyoandikishwa maabara.

Jumatatu tarehe 24 Februari 2025, saa 3 asubuhi, Sajenti Emilian alikuja redioni. Alikuwa na karatasi ya maabara inayoonyesha kwamba majibu ya sampuli ya Koinet yalitumwa Jumanne tarehe 11 Februari saa 3:26 asubuhi. Mbele ya saa hiyo paliandikwa neno "imetumwa". Ng'ombe aliyeliwa alikufa Alhamisi tarehe 13. Sajenti alitaja pia sababu ya pili ya kumshuku Koinet: siku ile watu wote walikula nyama, yeye peke yake hakula.

Sajenti alimtaka Clemensi aijaribu ile anwani. Clemensi alituma barua kutoka kwenye kompyuta yake. Iliingia kwenye sanduku la Olbalbal hata hajaondoa mkono mezani.

Sajenti akasema, "Sasa mama, barua inaingia bila hata kupiga hodi. Huyu kijana anakataa nini?"

Clemensi alifungua kumbukumbu za seva yetu, zinazoandika kila barua inayoingia, akasema tarehe 11 hakuna kitu kutoka maabara. Sajenti alimjibu kwamba kumbukumbu ni zetu na seva ni yetu, na kwamba aliyezitunza anaweza kuzifuta. Alisema bila ubaya. Mimi ningesema vivyo hivyo kama ningekuwa nafasi yake.

Jumanne tarehe 25 Februari mimi na Clemensi tulikwenda Olbalbal kwa gari la redio. Simu ya Koinet iko kwa polisi kama kielelezo, kwa hiyo tulitaka kuiona ya Naishorua. Tulifika saa 5:40 asubuhi. Wanaume waliokuwa kwenye birika la maji walitusalimia, kisha mmoja akasema, "Redio wamekuja. Vitunguu vya Baray bei gani leo?" Mwenzake akamwambia, "Waache, wao wanajua vitunguu, ng'ombe ni kazi ya polisi." Clemensi aliinamisha kichwa. Mimi niliwajibu kwamba tumekuja kumwona katibu.

Naishorua alitupokea nje ya nyumba yake. Nilimpa pole. Aliyefariki tarehe 17 Februari ni Koko, mama mkwe wake. Watu wengine watano walilazwa, na siku hiyo wawili walikuwa bado hospitali.

Nilimuuliza kuhusu tarehe 13. Nayaandika kama alivyoniambia, maana mimi sikuwepo. Alisema ng'ombe alikuwa wa Koko, alianguka asubuhi akirudi kutoka majini. Koinet aliitwa. Aliona damu nyeusi puani isiyoganda, akasema ng'ombe asipasuliwe, azikwe alivyo. Alikuwa ameshapeleka sampuli ya ng'ombe wa boma la jirani aliyekufa vilevile, na alipowapigia maabara kwa simu aliambiwa asubiri, majibu yakitoka yatakuja kwenye barua pepe. Koko alimuuliza, "Simu inasemaje?" Koinet akaifungua mbele yao. Hakukuwa na barua. Alipanda mwinuko unaoshika mtandao, akaifungua tena, akarudi akasema hakuna. Mwanaume mmoja akamwambia, "Daktari, unasubiri ng'ombe akuandikie yeye mwenyewe?" Watu wakacheka. Njaa ilikuwepo, ukame umewamaliza, na ng'ombe alikuwa mnene. Wakapasua.

Naishorua alisema Koinet aliondoka bila kuaga. Walimpelekea nyama kwake, akairudisha. "Nilimwita mwoga," alisema Naishorua. "Nilimwita mimi."

Kwa nini hakula, aulizwe mwenyewe. Mimi ninaeleza tu kwamba, kwa maneno ya mtu aliyefiwa na mama mkwe wake, alikataa nyama hiyo kabla na baada ya kuwaonyesha watu sanduku tupu. Suala la kwamba alikuwa na ng'ombe wake wa kupeleka mnadani wiki ile, ambalo polisi wamelitaja kama sababu ya kunyamaza, sina ninalolijua.

Clemensi alichukua simu ya Naishorua na kupitia barua zote tangu Septemba 2023. Nilikuwa nazisoma begani kwake. Tangazo la chanjo, limetoka redioni. Mabadiliko ya saa za kipindi, yametoka redioni. Salamu za Pasaka, redioni. Naishorua naye alikuwa anatazama, akasema, "Hii simu inaongea na nyinyi tu."

Nilimuuliza Clemensi kama kuna barua hata moja iliyowahi kuingia kutoka nje ya redio. Alipitia tena kuanzia mwanzo. Hakuna. Nilimuuliza kama yeye aliwahi kuijaribu anwani hiyo kutoka nje. Akasema, "Hapana mama. Nilijaribu nyumbani kwangu, nikasema barabara ni nzima."

Jumatano tarehe 26 Februari, saa 4:15 asubuhi, tulipiga simu maabara, sauti ikiwa wazi ili nisikie. Aliyepokea ni Goodness, mhudumu wa mawasiliano wa maabara hiyo. Alinisalimia, "Shikamoo mama," nikaitika. Clemensi alimweleza shida, na kwamba bibi mmoja amefariki.

Goodness akasema, "Kaka, kwetu imeandika imetumwa. Kwetu imekwisha."

Clemensi akamjibu, "Kwenu imekwisha, dada, kwetu haijaanza."

"Nyie watu wa Karatu mna maneno."

"Tuna mtu ndani, dada. Hatuna maneno."

Hapo Goodness aliacha utani. Clemensi alimwomba aitume tena barua ile ile ya tarehe 11, wakati sisi tunatazama seva yetu. Aliituma. Alisema kwake imeandika "imetumwa". Kwetu haikuingia. Tulingoja, akaituma tena, haikuingia. Kumbukumbu za seva yetu hazikuonyesha hata kwamba kuna mtu aliyegonga mlango.

Clemensi alimuuliza barua zao zikitoka kwenye kompyuta zinapita wapi. Goodness alisema hazitoki moja kwa moja. Zinapita kwenye mashine ya ulinzi ya kampuni waliyoikodi, inayochuja barua chafu zinazoingia na zinazotoka. Clemensi akauliza mashine hiyo ikikataa barua inamwambia nani. Goodness akasema inamrudishia mtumaji. Mtumaji ni nani? Ni ile anwani ya maabara inayotoa majibu, ambayo chini ya kila barua imeandikwa kwamba watu wasiijibu. Clemensi akauliza nani huifungua. Goodness akasema, "Hakuna. Si tumesema watu wasijibu?"

Alisema lazima apate ruhusa ya mkuu wake, Bwana Dominic. Alitupigia saa 8:40 mchana.

"Zipo, mama," aliniambia mimi, si Clemensi. "Zimerudi zote. Na za leo asubuhi zimo."

Nilimwomba asome ya tarehe 11 Februari. Alisoma kwamba saa 3:27 asubuhi, dakika moja baada ya kutumwa, barua ya kwenda Olbalbal ilikataliwa na mashine ya ulinzi kwa sababu anwani ina alama zisizoruhusiwa. Clemensi alinieleza maana yake, na Goodness akakubaliana naye kwenye simu. Wavamizi wa mitandao wana mbinu ya kuandika anwani inayoanza na ule mstari wa mshazari, ili kuidanganya mashine ianze kuandika ndani ya mafaili yake yenyewe. Kwa hiyo walinzi wengi wa barua pepe wamepangwa kuikataa anwani yoyote inayoanza hivyo, bila kuuliza ni ya nani. Sheria za barua pepe zinaziruhusu alama hizo. Seva yetu inazipokea. Mlinzi wa maabara hazipokei. Neno "imetumwa" kwenye karatasi aliyokuwa nayo Sajenti linamaanisha tu kwamba barua ilitoka kwenye kompyuta ya maabara na kumfikia mlinzi huyo. Halisemi ilifika Olbalbal.

Goodness aliuliza, "Huyo bibi alifariki lini?"

Nilimwambia tarehe 17. Nilisikia kiti kikivutwa.

Ili kuhakikisha kwamba tatizo ni alama na si kitu kingine, Clemensi alifungua anwani ya pili yenye neno olbalbal tu, herufi za kawaida, akaiunganisha na sanduku lile lile. Ile ya zamani hakuigusa, ili isionekane tumeharibu ushahidi. Alimwomba Goodness atume barua ya tarehe 11 kwenye anwani mpya. Saa 9:05 alasiri iliingia. Niliiona kwa macho yangu. Clemensi alisimama, akatoka nje, akasimama ukutani. Nilimwona dirishani. Aliporudi alisema, "Mama, mimi ndiye niliyemfunga Koinet." Nilimwambia akae, tuna kazi.

Kitu kimoja hatukukifikiria. Sanduku lile liko wazi pia kwenye simu ya Naishorua. Saa 9:20 alinipigia.

"Yeyo, barua imefika," alisema. Yeyo kwa Kimaa ni mama.

Nilimwambia ni ya majaribio, ni ile ile ya tarehe 11.

"Nimeisoma. Inasema ni kimeta. Inasema tusipasue, tusile, tuzike na tuchome mahali alipoangukia."

Nikasema ndiyo.

"Sasa nimwonyeshe nani?"

Simu ikakatika. Sijui kama alikata yeye au ni mtandao.

Jioni hiyo, kabla ya taarifa ya habari, nilimpigia Bwana Dominic kumwomba nakala ya barua zilizorudi. Alinijibu kwa heshima kwamba hawezi kuipa redio. Atazitoa kwa polisi, kwa barua yenye muhuri. Alisema sanduku la anwani ile isiyojibiwa liko ndani ya mashine ya ulinzi, nami nikamuuliza mashine hiyo inazitunza kwa muda gani. Alisema kila taarifa ya kukataliwa hufutwa siku thelathini baada ya kuandikwa, na hufutwa na mashine yenyewe, na kwamba kazi ya kuzuia ufutaji huo ni ya kampuni ya ulinzi, ambayo bado haijajibu ombi lake. Nilihesabu naye kwenye simu. Ya tarehe 11 Februari itafutwa Alhamisi tarehe 13 Machi. Kesi inatajwa Jumatatu tarehe 17.

Ndiyo sababu sikungoja kuitwa. Kumbukumbu za seva yetu zinaonyesha barua haikuingia, lakini Sajenti ameshaeleza udhaifu wa kumbukumbu hizo, nami naukubali. Barua za majaribio za jana zinaonyesha njia imefungwa sasa. Taarifa ya tarehe 11 ndiyo pekee inayoonyesha kwamba ilikuwa imefungwa asubuhi ile, siku mbili kabla ya nyama kupikwa, na haiko mikononi mwetu wala mwa mtuhumiwa. Ikifutwa, kesi itabaki na karatasi ya "imetumwa" na kijana ambaye hakula.

Koinet Oloishiro si ndugu yangu. Nimekutana naye mara nne au tano kwa ajili ya vipindi. Redio Nyanda imeusimamisha utaratibu wa kungoja uthibitisho wa mhudumu mpaka anwani zote tulizogawa zijaribiwe kutoka nje. Clemensi yuko tayari kutoa maelezo yake mwenyewe, na amekaa kwenye benchi hapo nje tangu saa 2.

Niliyoyashuhudia yanaishia hapo. Nimesomewa maelezo haya kwa Kiswahili, lugha niliyoyatolea, nimeyaona ni sahihi, na ninatia saini bila kushurutishwa.

Saini: P. T. Margwe
Saa 5:55 asubuhi

UTHIBITISHO WA MPOKEA MAELEZO

Mimi, Sajenti Emilian, nathibitisha kwamba nimeyaandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa na kumsomea kabla hajasaini. Shahidi alikuwa mtulivu. Alipofika kwenye simu ya saa 9:20 aliomba maji, akaendelea.

Nakala inapelekwa leo kwa mpelelezi wa kesi, Ngorongoro. Maelezo ya Clemensi Gwandu yanaanza kuchukuliwa saa 6 mchana. Barua ya kuomba taarifa ya kukataliwa ya tarehe 11/2/2025 imeandikwa na kupigwa muhuri. Haitumwi kwa barua pepe. Konstebo Rahel ataipeleka maabara kwa mkono kesho Ijumaa tarehe 28 Februari, kwa basi la saa 12 asubuhi, na ameagizwa asirudi bila nakala.